Ugali katika Nyumba ya Ndizi

Katika wilaya za Bukoba na Muleba, mtu akisema kwamba amekula, aghalabu maana yake ni kwamba amekula ndizi. Ebitoke vilivyopikwa pamoja na maharage katika chungu kimoja na kufunikwa kwa jani la mgomba ndicho chakula. Vingine huhesabiwa kuwa vya kushikiza njaa. Ugali, kwa hesabu hiyo, umekuwa chakula cha shule za bweni, cha kambini na cha safarini. Nayo yanga, yaani mahindi ya njano yaliyoagizwa kutoka nchi za nje baada ya ukame wa miaka ya 1973 na 1974, iliwaachia wengi kumbukumbu isiyo nzuri ya ugali.

Hata hivyo tangu mwaka 2006, ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoonekana wilayani Muleba, nyumba nyingi zimelazimika kuupokea ugali mezani bila kuupenda. Kibanja kilichopatwa na mnyauko hukaa muda mrefu bila kutoa mkungu wa kutegemewa. Fedha za kahawa nazo huja kwa msimu, na ndizi za kununua sokoni huzimaliza upesi. Linalobaki ni kununua unga, au kusaga kinacholimwa rweya: mahindi, muhogo, ulezi na mtama. Tatizo ni kwamba kusonga ugali ni kazi ambayo mabinti wengi wa huku hawakufundishwa na mama zao, kwa kuwa mama zao nao hawakuwa na haja nayo. (Wako wanaume waliopita jeshini au shule za bweni ambao wanaijua kazi hiyo kuliko wake zao, ingawa si wepesi wa kukiri.) Ugali ukiwa na madonge na unga mbichi ndani yake, watoto huukataa, na baba hurudi sokoni kununua mkungu kwa fedha ya ada ya shule.

Kwanza mahindi. Sembe ni unga uliokobolewa. Dona ni unga wa punje nzima pamoja na kiini chake. Dona ina lishe zaidi, lakini mafuta ya kiini huifanya iharibike upesi. Kwa hiyo yafaa kusaga kidogo kidogo, unga wa wiki mbili au tatu. Kwa maji vikombe vinne, unga wa vikombe viwili na nusu hadi vitatu watosha, kwa kipimo cha kikombe kile kile. Makosa ya kawaida ni kumwaga unga wote katika maji yanayochemka. Mpishi achukue kikombe kimoja cha unga, aukoroge kwanza katika maji baridi, kisha autie katika maji ya moto na kuuacha uchemke kama uji kwa dakika kumi au zaidi. Uji huo ndio unaoivisha ugali. Baada yake ndipo unga uliobaki hutiwa kidogo kidogo huku ukisongwa, mwiko ukikandamiza ugali kwenye ubavu wa sufuria ili kuvunja madonge. Sufuria hufunikwa juu ya moto mdogo kwa dakika chache, ugali hugeuzwa tena, nao huwa tayari unapoachana na sufuria na kunukia kama mahindi ya kuchoma.

Kwa nyumba zenye shida ya kuni kuna namna nyingine. Kapu kubwa hujazwa majani makavu ya mgomba pande zote, na katikati huachwa nafasi ya sufuria. Uji ukishachemka kwa dakika tano, sufuria yenye kifuniko huingizwa katika kapu na kufunikwa kwa mto wa majani hayo hayo. Baada ya nusu saa unga umeiva bila moto. Sufuria hurudishwa jikoni, unga uliobaki huongezwa, na ugali husongwa kwa muda mfupi tu. Maharage yaliyolowekwa usiku nayo, yakishachemshwa vizuri kwanza motoni, yaweza kumalizia kuiva katika kapu hilo.

Ulezi ni nafaka ya zamani ya rweya, na umeachwa bila sababu ya kutosha. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za madini ya chokaa, ambayo hujenga mifupa. Kiasi hicho cha mahindi hakifikishi hata 20. Ugali wa ulezi mtupu ni mzito na wenye rangi nyeusi, kwa hiyo wanaoanza hufanya vyema kuchanganya sehemu moja ya ulezi na mbili za mahindi. Mtama, ambao huku hujulikana zaidi kwa kuchachusha lubisi kuliko kwa chakula, waweza kuchanganywa vivyo hivyo.

Muhogo wahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu hapa kosa si la ladha tu. Unga wa muhogo hausongwi kama wa mahindi. Hauhitaji uji wa muda mrefu: maji yakichemka sana, unga hutiwa kwa wingi, sufuria huepuliwa, na ugali husongwa haraka kwa nguvu mpaka uwe laini na wenye kuvutika. Ukikawizwa motoni huwa kama gundi. Wengi huupenda zaidi ukichanganywa nusu kwa nusu na ulezi au mahindi.

Lakini usalama wa ugali huo huamuliwa kabla ya sufuria kuwekwa motoni. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Kuumenya, kuukatakata na kuuanika juani tu hakutoshi kuiondoa. Hapana budi muhogo uliomenywa ulowekwe majini siku tatu au nne mpaka ulainike, ndipo uvunjwevunjwe, ukamuliwe na kuanikwa. Wakati wa njaa ndipo watu hufupisha siku hizo, na wakati wa njaa ndipo hatari huwa kubwa. Mwaka 1985, wilayani Tarime, ng'ambo ya pili ya Ziwa, watu walipooza miguu kwa ugonjwa unaoitwa konzo, jina lililotoka Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Ulikuwa wakati wa ukame, na muhogo mchungu ulikuwa ukiliwa bila kutayarishwa vya kutosha. Konzo huwapata hasa watoto na wanawake, huja ghafla, na kupooza huko hakuponi.

Ikiwa unga umekwisha kununuliwa na haijulikani muhogo wake ulitayarishwaje, iko njia nyepesi ambayo imetumika Msumbiji na Kongo. Unga hutiwa katika bakuli na usawa wake hutiwa alama. Maji huongezwa huku unga ukikorogwa. Kwanza unga hushuka, na unapopanda tena mpaka kwenye alama, maji yametosha. Unga huo wenye unyevu hutandazwa juu ya mkeka safi kwa unene usiozidi sentimita moja, juani kwa saa mbili au kivulini kwa saa tano. Sehemu kubwa ya sumu huondoka na hewa. Ugali hupikwa siku hiyo hiyo.

Jambo la pili linalokinga ni kitoweo. Mwili huihitaji protini ili kuishinda sianidi, nao muhogo karibu hauna protini kabisa. Wenye kuishi mwambaoni na katika visiwa vya Muleba, kama Bumbire na Goziba, wana dagaa karibu. Wa milimani wana maharage na karanga. Hata mahindi hayafai kuliwa peke yake. Kaskazini mwa Italia, ambako ugali wa mahindi huitwa polenta, maskini wa karne ya 18 na 19 walioula karibu bila kitoweo waliugua pelagra, maradhi ya ngozi, ya tumbo na hatimaye ya akili. Waitalia hawakuuacha ugali wao. Wanaukata ukiisha kupoa na kuuoka au kuukaanga, kama kiporo cha hapa kinavyoweza kukatwa vipande asubuhi, kikaokwa juu ya makaa na kuliwa kwa maziwa au chai.

Yako pia yanayowahusu makatibu wa vyama. Mvua ya mwambao wa Bukoba hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na mahindi hukauka kwa shida. Mahindi yenye unyevu huota ukungu wenye sumu, yaani sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika wala kwa kusaga. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mwanachama anayetaka kujua kama mahindi yake yamekauka achukue chupa kavu ya kioo, atie mahindi kiasi cha robo yake pamoja na vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, aitikise vizuri na kuiacha itulie dakika kumi. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi hayajakauka, na yarudishwe juani. Chama chenye ghala kinachowawekea wanachama nafaka kiyapime hivyo kabla ya kuyapokea, kiweke magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, wala kisiyaweke chumba kimoja na mbolea au dawa za kahawa. Magunia yaliyowahi kubeba dawa yasitumike kwa nafaka hata yakifuliwa.