Kuduwaa Si Kutahayari

Mji wa Eldoret una jina la pili, Sisibo. Asili yake ni hesabu ya Kiingereza ya 64, namba ya shamba lililofunguliwa posta mwanzoni mwa karne ya 20. Wenyeji waliipokea namba ile wakaitamka kwa ulimi wao, ikawa jina. Ndivyo maneno yafanyavyo yakihama.

Mjini humo kijana mmoja mfasiri aliniuliza: "Maalim, Mwingereza akisema mtu yuko 'nonplussed', kwa Kiswahili tunamwitaje?"

Neno hilo limetokana na Kilatini, "non plus", yaani "hapana zaidi". Ni mtu aliyefika mwisho, hana la kusema wala la kutenda. Lakini katika karne ya 20 Wamarekani wengi waliligeuza. Waliisikia ile "non" kuwa ya kukanusha, wakalitumia kwa mtu asiyebabaika. Leo neno moja lina maana mbili zinazopingana.

Nasi watu wa pwani tusicheke. Litazameni neno tahayari. Katika Kiarabu asili yake ni kutojua ushike njia ipi. Na hayrani, anayetajwa katika Sura ya Al-An'am, aya ya 71, ni mtu aliyepotelewa na njia. Lilipovuka bahari, pengine kwa kukaa jirani na neno haya, likageuka. Kwetu sisi aliyetahayari ni aliyeona aibu.

Basi nilimjibu kijana yule kwamba hapa Kiswahili hakina haja ya sifa, kinatumia kitendo. Aliyeona jambo asilolitarajia ameshangaa. Aliyeona jambo kubwa ajabu amestaajabu. Ambaye fikira zake zimefungamana ametatizika. Aliyesimama kinywa wazi, ulimi mzito, ameduwaa, au amepigwa na bumbuwazi. Huyu wa mwisho ndiye aliye karibu na Kilatini kile.

Wala huu si mchezo wa maneno, hasa katika mji kama Eldoret ambamo Mnandi, Mluhya, Mkikuyu na Msomali hukutana kila siku. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeifahamu lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Chukueni mfano wa mtu anayeshtakiwa kwa fedha zilizopotea. Anaulizwa alifanya nini sanduku lilipokutwa tupu, naye ajibu: "Nilitahayari." Mkalimani akisema aliduwaa, hakimu atamwona mtu asiyejua lolote. Akisema aliona aibu, hakimu atauliza: aibu ya nini? Kwa neno hilo moja mtu aweza kwenda nyumbani au kwenda jela.

Kwa hiyo mfasiri asitosheke na kamusi. Na ajiulize kwanza: huyu amenyamaza kwa kuwa hajui, au kwa kuwa anajua?