Mama Akiugua London, Nani Analipa?

Wazazi wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi siku hizi huenda Uingereza kuwaona watoto wao na kulea wajukuu kwa miezi mitatu minne. Viza ikishatoka, suala la matibabu humalizwa kwa neno moja: huko hospitali ni bure. Ni bure kwa nani?

NHS, mfumo wa afya wa umma ulioanzishwa mwaka 1948, hauangalii pasipoti wala risiti za kodi. Unaangalia makazi. Hata Mwingereza aliyehamia Arusha zamani, akirudi kwao kutembea tu kisha akalazwa, anaweza kuandikiwa bili. Hili huwashtua wenyewe Waingereza.

Mgeni hupona bili kama nchi yake ina mkataba wa kutibiana. Mwaustralia akivunjika mguu Manchester hutibiwa kama mwenyeji, na Mwingereza akibanwa na pumu Sydney hali kadhalika. New Zealand imo, Serbia na Montenegro zimo, hata kisiwa cha Jersey. Australia nayo ina orodha yake ya nchi 11, karibu zote za Ulaya. Tanzania, Kenya na Uganda hazimo katika orodha ya Uingereza wala ya Australia, na kuwa wanachama wa Jumuiya ya Madola hakusaidii kitu. Sioni dalili kwamba hilo litabadilika karibuni: nchi tajiri hukubali kutibiana na wale ambao zinaamini hesabu ya pande mbili itakaribiana. Tena mkataba wenyewe una mipaka. Hugharimia ugonjwa uliomkuta mtu safarini na usioweza kusubiri. Aliyepanda ndege makusudi ili akatolewe mtoto wa jicho hasaidiwi.

Basi mama wa Tanga asiye na mkataba anapata nini? Si haba. Katika hospitali za England, kitengo cha dharura hakimtozi mtu yeyote. Daktari wa kawaida wa mtaani naye humwona bure. Kifua kikuu na malaria hutibiwa bila malipo, na tangu mwaka 2012 VVU pia, kwa sababu mgonjwa anayekwepa hospitali kwa kuogopa bili huwaambukiza wenzake.

Mambo hubadilika anapopewa kitanda. Akitolewa kitengo cha dharura na kulazwa wodini, au akipangiwa kliniki ya daktari bingwa, mita inaanza kuhesabu, na kiwango chake ni asilimia 150 ya bei ambayo NHS yenyewe hujipangia. Tangu Oktoba 2017, hospitali hulazimika kudai fedha kabla ya tiba yoyote inayoweza kusubiri. Isiyoweza kusubiri hutolewa kwanza, bili ikafuata. Uzazi huhesabiwa humo daima, kwa hiyo mjamzito hafukuzwi, lakini bili itamfikia.

Familia nyingi hujikwaa kwenye ada ya afya ya wahamiaji. Anayeomba viza ya zaidi ya miezi sita hulipa pauni 1,035 kwa mwaka, mwanafunzi pauni 776, na hiyo ndiyo inayomfungulia NHS. Mwana aliyeilipa amejilipia mwenyewe. Haimfuniki mama aliyekuja kutembea.

Kinachobaki ni bima ya safari. Nchi za Schengen huidai kabla ya kutoa viza, ya angalau yuro 30,000. Zanzibar nayo, tangu Oktoba 1, 2024, humtaka mgeni wa kigeni akate bima ya dola 44. Uingereza haimlazimishi mtembezi, na ulegevu huo naona unawaponza wengi. Mzee mwenye presha au sukari ayataje magonjwa hayo wakati wa kukata bima, hata kama bei itapanda, maana akiyaficha kampuni itapata sababu ya kutolipa.

Bili ikishaandikwa, usiikimbie. Deni la pauni 500 au zaidi lililokaa miezi miwili hupelekwa kwa idara ya uhamiaji, na viza inayofuata inaweza kukataliwa kwa sababu hiyo. Mwone mhasibu wa hospitali mapema, mkubaliane kulipa kidogo kidogo. Anayetimiza makubaliano hayo kwa kawaida haripotiwi.