Mkwaruzo na Ufa: Maneno ya Kurudishia Rangi Rimu za Aloi

Katika makala haya tumekusudia kueleza maneno yatumikayo katika kazi moja ndogo ambayo wenye magari wengi hupenda kuifanya wenyewe nyumbani, nayo ni kurudishia rangi rimu za aloi zilizokuja na gari kutoka kiwandani. Magari yaliyokwisha kutumika yaletwayo kutoka Japani yana rimu hizo kwa wingi, na kingo za saruji za barabara zetu hazizihurumii.

Kwanza yatupasa kutenganisha maneno matatu. Gurudumu ni kitu kizima kizungukacho. Tairi ni mpira. Rimu ni sehemu ya metali iliyobeba tairi. Mtu akisema kwamba ataka kupaka tairi rangi, fundi humwelewa kwa kuwa aiona kazi mbele yake. Msomaji wa maandishi hana wa kumwonyesha kwa kidole.

Aloi ni metali iliyoyeyushwa pamoja na nyingine. Rimu hizi aghalabu ni aluminiamu iliyotiwa silikoni kiasi cha asilimia 7, na magnesi kidogo isiyofika asilimia 1. Hapo ndipo neno "kutu" linapotuletea taabu. Kutu ni ya chuma. Aluminiamu haishiki kutu, bali hulika, na dalili yake ni unga mweupe au nyuzi nyeupe zitambaazo chini ya rangi, hasa penye hewa ya chumvi. Hali hii twapendekeza iitwe ulikaji. Tofauti hii si ya wanazuoni tu, maana mtu aambiwaye atoe kutu hushika brashi ya nyaya za chuma, nayo huacha chembe za chuma katika metali ile laini na kuzidisha kulika kulekule alikotaka kukuondoa.

Majina ya madhara yana uzito zaidi kuliko majina ya rangi. Mkwaruzo umeishia katika rangi. Mchubuko umeondoa rangi na kugusa metali, kama ukingo wa rimu uliosuguliwa na saruji. Mbonyeo umeipinda rimu yenyewe. Ufa umeipasua. Mambo mawili ya kwanza ni kazi ya nyumbani. Mawili ya mwisho sivyo kabisa, na ufa uliofunikwa kwa puti na rangi ni hatari iliyofichwa machoni pa dereva, kwa kuwa rimu yaweza kuvunjika njiani. Kwa hiyo hatukubali desturi ya kuyaita yote manne "michubuko", hata kama mwenye gari na fundi wake wanaelewana.

Rimu ikishaoshwa kwa maji na sabuni ya kawaida, bila magadi makali wala tindikali, na ikishakauka, husuguliwa kwa msasa. Neno hili latufurahisha. Msasa ni mti ambao majani yake hukwaruza, na maseremala waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ya dukani ilipokuja ilirithi jina, na hakuna aliyeona haja ya kutafuta jingine. Namba ikizidi, msasa huwa laini zaidi: 240 kwa mchubuko, kisha 400, kisha 800 uliotiwa maji.

Rangi inayotangulia nyingine ina shida ya jina. Wengine huiita rangi ya msingi, lakini rangi za msingi shuleni ni nyekundu, buluu na manjano. Twaonelea heri kulikubali neno la mafundi, praima, na kwa kazi hii iwe ile iliyotengenezwa kushika aluminiamu. Juu yake huja rangi yenyewe, matabaka membamba mawili au matatu, kila moja likiachwa likauke kadiri ilivyoandikwa kwenye kopo. Tabaka la mwisho, lisilo na rangi, mafundi huliita klia; sisi twapendekeza vanishi angavu, kwani vanishi yajulikana tayari. Kazi yote ifanyike penye hewa, na mfanyaji afunike pua na mdomo kwa barakoa ya kuzuia mvuke, si kitambaa tu.

Limebaki jambo la mahali pasipopakwa. Sehemu ya nyuma ya rimu igusayo kitovu cha gurudumu, na matundu ambamo nati hukaa, ambayo twayaita viti vya nati, yafunikwe kwa karatasi kabla ya kupaka. Rangi iliyobanwa hapo hulegea na kupungua unene, nati nazo hulegea pamoja nayo. Gari likishakwenda baina ya kilomita 50 na 100, nati zikazwe tena kwa nguvu iliyotajwa katika kitabu cha gari.