Njia ya Kwenda Mtoni na Tuta la Kuzuia Mafuriko

Leo tutazungumza habari ya tuta la kuzuia mafuriko, na hasa habari ya watu na mifugo wanaopita juu yake. Ninyi wa Nyakatuntu na kata nyingine za Kyerwa na Karagwe mnajua kwamba maji ya mabonde yetu mwisho wake ni mto Kagera. Tena mnajua tabia ya mto huu: haujai siku ile ile ya mvua. Maji yanayotoka Burundi na Rwanda hupita kwanza kwenye mabwawa na mafunjo, hutulia humo, ndipo yanatujia sisi. Ndiyo maana mara nyingi mto unajaa mwezi wa Mei, hata Juni, wakati masika yanaaga na mkulima ameshalisahau tuta lake.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa bwana shamba katika kijiji kimoja cha bondeni. Wanakijiji walikuwa wamejenga tuta la udongo, urefu wa kama hatua mia nne, kukinga mashamba yao ya maharage na mahindi. Kazi nzuri kabisa, ya majembe na karai. Mimi nikaona watu wanapita juu yake ovyo, ng'ombe nao wanapanda na kushuka watakapo, nikaingiwa na hofu. Nikaishauri kamati ipige marufuku. Wakaweka miba tuta zima na kibao kikaandikwa "Hakuna ruhusa kupita". Nikarudi chuoni nimeridhika.

Sasa, mto ulikuwa upande wa pili wa tuta. Akina mama wachote maji wapi? Ng'ombe wanywe wapi? Na vijana, ambao uwanja wao wa mpira ulikuwa kwenye uwanda wa majani kando ya mto, wacheze wapi? Sikuuliza. Basi watu wakapita alfajiri na jioni mahali pamoja palipojificha nyuma ya vichaka. Pakawa na kijia. Mvua zikaja, kijia kikawa mfereji. Mwezi wa Mei maji yalipopanda yalipita pale pale, na kulipokucha mashamba yalikuwa ziwa. Bibi mmoja, ambaye maharage yake yalibakiza wiki mbili tu kuvunwa, aliniambia bila hasira: "Mwanangu, ungetuachia mlango tusingetoboa ukuta."

Tuangalie jinsi kijia kinavyoua tuta. Kinachoshika udongo wa tuta ni majani. Mguu ukipita kila siku mahali pamoja, majani yanakufa na udongo unabaki uchi. Mvua inauchukua kidogo kidogo, hata mgongo wa tuta unashuka pale kwa kiasi cha shubiri moja. Mtu atasema shubiri si kitu. Lakini maji ya mto hayapandi juu ya tuta lote kwa pamoja. Hutafuta mahali palipo chini kuliko pengine pote, na yakipapata, yote hukimbilia hapo. Tena hayali tuta kwa mbele. Yanaruka mgongo, yanaangukia upande wa shamba, na kuanza kuchimba kutoka nyuma. Saa chache tu zinatosha.

Ng'ombe ni mbaya zaidi wakati udongo umelowa, maana kwato zake hukata kama jembe. Mbuzi naye hupenda kupanda moja kwa moja, hapendi kuzunguka. Lakini mharibifu mkubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, ni binadamu anayechimba udongo wa matofali chini ya tuta. Shimo lile hulegeza msingi, hujaa maji, huzaa mbu na konokono wa kichocho, na watoto huoga humo. Mwenye ng'ombe anakemewa kila siku, mwenye tanuru la matofali anaachwa kwa kuwa ni jirani na ana pesa.

Basi tufanyeje? Tuwape watu njia, lakini tuichague sisi. Kijiji kikae, akina mama wawepo, wachungaji wawepo, vijana wawepo, mkubaliane njia moja ya watu na njia moja ya ng'ombe, mahali ambapo watu tayari wamezoea kupita. Msiikate njia ndani ya tuta. Mwagieni udongo pande zote mbili ili njia ipande taratibu: kwa kila hatua moja ya kwenda juu, hatua nane au kumi za kwenda mbele. Upande wa mto, njia ishuke kwa mshazari ikielekea kule maji yaendako. Mkiielekeza kule maji yatokako, siku ya mafuriko mto utapanda nayo kama mgeni aliyekaribishwa. Pale juu inapovuka mgongo, muinue shubiri moja au mbili kuliko tuta lingine, kwa sababu ndipo patakapolika. Tandazeni mawe au changarawe mkandamize vizuri. Njia ya ng'ombe iwe na upana wa mita nne, wasibanane na kutoka nje.

Sehemu nyingine zote pandeni ukoka mvua zinapoanza, vipandikizi viachane shubiri moja. Msipande miti juu ya tuta. Mti ukifa, mizizi inaoza na kuacha matundu ambamo maji hupita. Najua wengi wenu mnatafuta majani ya kutandaza kwenye migomba, na majani ya tutani yanavutia. Kateni kwa mundu, mkibakiza vidole vinne. Msing'oe na msitumie jembe.

Wengine wananiuliza: sheria si inasema mtu asikaribie mto kwa mita 60? Hapana, haisemi hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu ukingo: nyumba, tanuru, shamba linalolimwa hadi majini. Kupita kwa miguu na kuchota ndoo ya maji ya nyumbani si kosa. Ila kabla ya kujenga tuta lenyewe, pitieni kwa afisa wa wilaya na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, maana tuta lenu linaweza kuyasukuma maji kwa wenzenu wa upande wa pili.

Mambo haya si ya vijiji tu. Mji wa Kilosa, mkoani Morogoro, ulikuwa na tuta la kuukinga na mto Mkondoa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto ulilivunja. Maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema na reli ya kati ikakatika. Dar es Salaam nako, bonde la Msimbazi limeua watu na kufunga barabara ya Jangwani mara nyingi. Mwaka 2022 ulipitishwa mradi mkubwa wa bonde hilo, kwa fedha za Benki ya Dunia, Hispania na Uholanzi. Mpango wake ni kuondoa nyumba kwenye njia ya maji na kuweka bustani ya mji, ambayo mto ukijaa utaikalia na ukipungua watu watarudi kupumzika. Hao Waholanzi wenyewe, ambao sehemu kubwa ya nchi yao iko chini ya usawa wa bahari, wanatembea na kuendesha baiskeli juu ya matuta yao, na kondoo wanachungwa humo kwa sababu ni wepesi na wanayaweka majani mafupi.

Uwanja wa mpira wa vijana basi usihamishwe. Uwanda ulio kati ya tuta na mto ni mahali pake hasa, maana maji yakija hayakuti mazao wala nyumba. Magoli yawe ya miti inayong'oleka. Jambo moja tu: mto ukianza kupanda, mchezo usimame, na mtu mzima mmoja ateuliwe kutoa amri hiyo. Na kwa kuwa Kagera ina mamba na viboko, pale pa kuchotea maji pazungushiwe miti imara iliyochimbiwa ndani ya maji. Watoto wasiende peke yao.

Kagueni tuta mwezi wa Februari, kabla ya masika, mkitembea juu yake wote pamoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mahali palipobonyea au penye tundu la panya pawekwe kijiti. Zibeni siku hiyo hiyo kwa udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kidogo, tabaka kwa tabaka, mkishindilia kila tabaka, na udongo huo utoke mbali na tuta. Matengenezo makubwa ya njia na mawe yasubiri Julai na Agosti, wakati mto umeshuka.