Eros na Njia ya Mirihi

Tarehe 13 Agosti 1898, mwanafalaki Gustav Witt wa Berlin alipolichunguza bamba la picha aliyoipiga mbinguni, aliona, miongoni mwa nyota zilizotulia kama nukta, mstari mfupi wa kitu kilichokwenda mbio kupita kiasi. Na hesabu zilipofanywa ikabainika ya kuwa sayari ndogo ile, iliyoitwa Eros, haikukaa na wenziwe baina ya Mirihi na Mshtarii, bali ilikata njia ya Mirihi ikasogea upande wetu.

Tukiukadiria umbali wa dunia na jua kuwa sehemu 100, Mirihi huzunguka baina ya sehemu 138 na 167, hali Eros, katika safari yake ya siku 643, hulikaribia jua hadi sehemu 113 kisha ikajitenga hadi 178. Mbona, basi, hazijagongana? Huko kukatana ni kwenye karatasi tu, maana njia ya Eros imeinama nyuzi zipatazo 11, na ya Mirihi kidogo mno: ni kama kamba mbili za kuanikia nguo zilizofungwa kwa vimo mbalimbali, ambazo aliye darini huziona zimekutana.

Lakini fadhila ya Eros, kwa rai yangu, ni ujirani wake. Tangu zama za Kepler wanafalaki waliijua nisba ya masafa ya sayari zote wasijue maili zake, mfano wa mtu mwenye ramani sahihi isiyo na kipimo. Wakahitaji masafa ya kitu kimoja tu, yapimwe kwa kukitazama kutoka mahali pawili, kama nahodha apimavyo umbali wa kisiwa, na kadiri kitu kilivyo karibu ndivyo pembe ikuavyo. Eros ilipotufikia hadi maili milioni 16, mapema mwaka 1931, vituo vingi viliipiga picha, na Harold Spencer Jones, aliyekuwa akiongoza kile cha Rasi ya Tumaini Jema, akashinda na hesabu hizo miaka kumi hata akatoa jawabu: jua li mbali nasi maili 93,005,000. (Mawimbi ya rada yaliporudi kutoka Zuhura mwaka 1961, yalipunguza maili kama 50,000 tu, si haba kwa kazi ya kalamu.)

Mwezi Februari 2001 chombo cha Marekani, NEAR Shoemaker, baada ya kulizunguka jabali hilo la Eros mwaka mzima na kuliona lina urefu wa kilomita 34, limepinda kama ndizi ya mkono wa tembo, kilitua juu yake polepole ingawa hakikuundwa kwa kutua, nacho kingali huko.