Rangi kuukuu yaficha bei halisi ya mtumbwi

Mkulima wa Samuye, mkoani Shinyanga, aliyeuza pamba na kutaka kuingia katika biashara ya dagaa ana njia mbili. Anaweza kununua magunia Mwaloni Kirumba, Mwanza, na kuyaleta minadani kwa lori. Au anaweza kununua mtumbwi uliokwisha tumika na kuwakabidhi wavuvi. Njia hii ya pili ina faida kubwa zaidi, lakini humweka mtu wa nchi kavu, ambaye ziwa liko zaidi ya kilomita 100 kutoka kwake, mikononi mwa muuzaji mwenye kopo la rangi.

Mtumbwi wa mbao hupakwa rangi mpya juu ya ile ya zamani, mwaka baada ya mwaka. Matabaka hayo huongeza uzito, hupasuka na kuachia maji nyuma yake, na maji hayo ndiyo yanayoozesha mbao. Mnunuzi anayeona buluu inayong'aa haoni mbao aliyoilipia. Kwa hiyo rangi ya tumboni ikwanguliwe kabla ya kupatana bei, hasa kwenye maungio na kandokando ya mkuku. Hapo fundi huchoma kwa ncha ya bisibisi. Ikizama bila kusukumwa, mbao imeoza na bei ishuke. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha jibu swali.

Kazi yenyewe haihitaji mtambo. Ukoga husuguliwa mara chombo kinapovutwa nchi kavu, kabla haujakauka na kugandamana. Kisha chombo kikauke, rangi ikwanguliwe kwa kufuata mkondo wa mbao, na msasa umalizie. Kisiachwe juani kwa wiki kadhaa: mbao husinyaa, maungio hufunguka, na pamba ya kalafati hulegea. Boti ya faiba inataka mkono mwepesi zaidi, kwani dawa kali ya kuyeyushia rangi huweza kula faiba yenyewe.

Meli za chuma nazo hazikwepi kazi hii. MV Victoria, iliyoanza safari mwaka 1961, ilirudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa uliofanyika Mwanza. Katika ukarabati wa namna hiyo rangi huondolewa hadi chuma kionekane, kwa sababu bila hivyo haijulikani ni bati lipi limeliwa na kutu.

Rangi ipi ipakwe baada ya hapo? Hapa fedha nyingi hupotea bure. Mabaharia wa pwani walipaka majahazi yao shahamu na chokaa kwa sababu bahari ina viumbe wa magamba wanaong'ang'ania chombo na wengine wanaotoboa mbao. Rangi za viwandani zenye sumu ya shaba zina kazi hiyohiyo. Ziwa Victoria halina chumvi, na wadudu hao wa baharini hawamo. Mwenye mtumbwi wa Nkome au Ukerewe anayelipia rangi ya sumu analipia ulinzi dhidi ya adui asiyekuwepo. Rangi nzuri ya kuzuia maji na kusugua ukoga vinatosha. Sumu kali kuliko zote, TBT, ilipigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa wa 2001 ulioanza kutumika Septemba 17, 2008.

Linalomhusu hata mkazi wa Samuye asiyetaka kumiliki mtumbwi ni vumbi. Rangi za zamani, hasa ile nyekundu ya kuzuia kutu, mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Mialoni mingi mitumbwi hukwanguliwa ufukweni, na ufukweni huko dagaa huanikwa mchangani. Mchanga hufuata dagaa hadi gunia, na kilichomo mchangani hufuata pia. Dagaa waliokaushwa kwenye vichanja huuzwa ghali zaidi, na mchuuzi ana haki ya kuuliza walianikwa wapi kabla ya kulipa.

Mwenye mtumbwi naye anaweza kuukwangua mbali na maanikio, akatandika turubai chini, akalowesha rangi kabla ya kupiga msasa, na akavaa barakoa. Kuchoma rangi kwa moto ni haraka, lakini moshi wake una sumu ileile, na anayeuvuta kwanza ni fundi.