Mtoto Ajue Jina Lake

Nyumbani mtoto tunamwita «Bebe», au «Papa» kwa kuwa amerithi jina la babu yake. Lakini kwenye fishi ya kupima uzito limeandikwa jina lingine. Muuguzi akiliita, mtoto hageuki, na dawa yake yaweza kupewa mwingine. Tena kumbukeni tarehe 6 Oktoba 1996, hospitali ya Lemera iliposhambuliwa na watu wakakimbia. Mtoto aliyepotea njiani, anayejua kusema «mama» tu, atarudishwa kwa nani?

Wewe unayetoka chimboni umechoka, dakika 5 zatosha. Wa miezi 6 hadi 9, jifiche nyuma ya kitenge, uite jina lake la fishi, kisha utokee. Wa miaka 2, kaeni duara na mpira wa majani ya migomba: anayetajwa ndiye anayeupokea. Mara nyingine mpe jina la uongo. Atacheka na kukataa. Wa miaka 3 aongeze majina ya wazazi na kijiji, kwa kupiga makofi. Akikosea usimgombeze, atanyamaza.

Mtoto wa mwaka 1 asiyegeuka kamwe akiitwa, mleteni apimwe masikio.